Kumuenzi mteleza mawimbi wa pwani yetu: mwongozo kamili wa kuandaa kumbukumbu ya hadhara Dar es Salaam

Mtu wa Dar akifariki, mara nyingi kaburi lake haliwi Dar. Mwili unasafirishwa kwenda kwao, Tanga, Moshi au Songea, na walioteleza naye mawimbini kwa mbao kila jioni pale Coco Beach au South Beach ya Kigamboni wanabaki na picha kwenye simu tu. Hata akizikwa Kinondoni, mazishi ni ya familia, ya ofisi na ya majirani. Watu wa bahari husimama nyuma kabisa, wengine wakiwa na kandambili, hawajui hata waseme nini kwa mama yake.

Ndiyo sababu vijana wengi wa pwani huanza kuulizana: tumfanyie nini mwenzetu? Jibu huwa na sehemu mbili, na kosa la kwanza ni kuzichanganya. Kuna siku ya kumuaga baharini, ambayo inaweza kuandaliwa kwa wiki chache. Na kuna kitu cha kudumu kitakachobaki ufukweni, ambacho kitakula miezi mingi kwa sababu ya vibali na fedha. Fanyeni ya kwanza bila kuisubiri ya pili.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: kitu cha kudumu kiwe na kazi. Sanamu ni nzuri kuitazama, lakini ufukwe wetu una upungufu wa maboya ya kuokolea, vivuli, vibao vya tahadhari na watoto wanaojua kuogelea. Mtu aliyeishi majini anaenziwa vizuri zaidi na kimojawapo cha hivyo.

Anzieni nyumbani kwa marehemu

Waende watu wawili au watatu, si kundi zima, na awemo anayefahamiana na familia. Mkikuta msiba bado uko mbichi, fanyeni ya msibani kwanza: toeni rambirambi, pangeni viti, chukueni ndoo za maji. Habari za bahari zisitajwe kabla matanga hayajaanuliwa.

Wa kuongea naye si lazima awe mama. Kila msiba una msemaji wa familia, mara nyingi baba mdogo au mjomba, na ukimruka utaambiwa familia haikushirikishwa hata kama mama mwenyewe alikubali. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo, baba mdogo. Poleni tena. Sisi ndio tuliokuwa tukiingia naye majini. Tulikuwa tunaomba, kama familia itaridhia, baada ya arobaini tumkumbuke kidogo pale bichi, na nyinyi muwepo." Kisha nyamazeni. Msitoe karatasi ya bajeti siku hiyo.

Ziara inayofuata ndiyo ya maswali. La kwanza ni dini. Kwa familia nyingi za Kiislamu, sanamu ya mtu haikubaliki, na hilo halijadiliwi. Pia kwa watu wa pwani, kutupa maua baharini kunafanana sana na tambiko au kafara, kwa hiyo elezeni mapema kwamba hakuna anayeombwa wala kulishwa humo majini, ni ishara ya kuagana tu. Ombeni shehe au mchungaji wa familia atangulie na dua au sala nchi kavu kabla mtu hajagusa maji. Likishafanyika hilo, wazee wengi hutulia.

La pili ni jina na picha. Mteleza mawimbi anaweza kuwa na jina la bichini ambalo mama yake hajawahi kulisikia, au amelisikia na halipendi. Ulizeni kabla ya kuchapisha fulana. La tatu ni gumu: kama alifia majini, huenda mama hataki kabisa kuiona bahari. Msimshawishi. Mwandalieni kiti huku juu, upande wa miti, na dada au shangazi wa kukaa naye, ili aweze kuhudhuria bila kuyatazama mawimbi.

Kamati ndogo, hela wazi

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwakilishi wa familia, na mtu mmoja wa majini atakayebeba dhamana ya usalama. Watano wanatosha. Kamati ya watu ishirini ni kundi la WhatsApp, haitaamua kitu.

Michango isiingie kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila jioni mweka hazina aweke orodha ya waliotoa na kilichotumika. Tengeni mafungu mawili tangu siku ya kwanza, la siku ya kuaga na la kitu cha kudumu, kwa sababu maturubai, spika, maji ya kunywa na mafuta ya boti vina tabia ya kumaliza kila senti. Na semeni wazi kama fedha zikizidi zitakwenda wapi, kwa watoto wa marehemu au kwenye mradi. Ugomvi wa misiba ya mjini huanzia hapo.

Chagueni siku kwa kuangalia mwezi

Arobaini ni ya familia na ina tarehe yake. Siku ya baharini haina ulazima wa kuangukia hapo. Bahari ndiyo iamue.

Hapa Dar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, karibu na mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji hujaa mnamo saa kumi jioni, na mnamo saa nne asubuhi yanakuwa yamekauka kiasi kwamba pale Coco Beach unatembea juu ya miamba na miba ya wale viumbe weusi wa baharini wenye sindano. Ukialika watu mia asubuhi ya bamvua, utawapeleka kutoboka miguu.

Maji mafu ndiyo yanayofaa. Yanakuja karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu, au siku moja mbili mbele yake. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, hayaendi mbali, na mkondo wake si mkali. Chukueni Jumamosi au Jumapili iliyo karibu zaidi, kisha hakikisheni kwenye jedwali la maji, na mmuulize mvuvi mmoja wa Msasani au Kigamboni. Akitikisa kichwa, badilisheni siku.

Upepo nao una neno. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, hutulia kidogo asubuhi na kuchafuka mchana. Kaskazi ya Desemba hadi Machi nayo huwa hivyo hivyo. Asubuhi ni salama zaidi kuliko jioni, japo picha za jioni ni nzuri. Epukeni siku zinazofuata mvua kubwa ya masika, maana mto Msimbazi humwaga uchafu wa mji mzima baharini pale karibu na daraja la Salender, na upande wa Oysterbay, iliko Coco Beach, si mbali na hapo.

Jambo dogo linaloleta fujo: kwenye tangazo andikeni saa kwa Kiswahili na kwa tarakimu za kizungu pia. Wateleza mawimbi wa Dar wana marafiki wengi wageni, na "saa tatu" kwao ni saa tisa alasiri.

Barua

Anzeni ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, ndipo mpande kata na manispaa. Coco Beach ipo Kinondoni. Fukwe za ng'ambo ya kivuko zipo Manispaa ya Kigamboni. Kama ufukwe uko mbele ya hoteli au kambi ya mtu binafsi, mwenye eneo naye apate barua yake. Polisi wapelekewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko, lakini ukiwapa wiki mbili watakuheshimu zaidi. Barua isiwe ndefu:

"YAH: TAARIFA YA MKUSANYIKO WA KUMBUKUMBU UFUKWENI. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni marafiki na familia ya marehemu. Tunakusudia kukutana ufukweni siku ya Jumamosi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana kwa ajili ya dua na kumuaga. Tunatarajia watu wasiozidi 150, kati yao takriban 40 wataingia majini wakiwa na mbao na boti mbili za uokoaji. Hakutakuwa na ujenzi, pombe wala biashara. Tutafanya usafi wa eneo baada ya shughuli. Tunaomba ushirikiano wenu."

Ambatisheni barua ya ridhaa ya familia, na nakala ibaki na mhuri wa "imepokelewa". Huo mhuri ndio utakaowaokoa asubuhi ile atakapotokea mtu mwenye kizibao akiuliza nani kawaruhusu. Kama kuna anayetaka kurusha droni, kibali chake kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa shughuli ya majini ya nusu saa mimi naona mpiga picha mmoja kwenye boti anatosha.

Wasio na barua pia waambiwe: wauza mihogo na mishikaki, vijana wanaokodisha maboya ya matairi, wavuvi na kikundi chao cha usimamizi wa fukwe, BMU. Hao ndio majirani wa marehemu hasa. Muuza mihogo aliyemkopesha sahani kila Jumapili anastahili kualikwa kabla ya diwani.

Siku yenyewe

Desturi ya kuagana kwa duara majini tumeipata kutoka Hawaii. Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea aliyeeneza mchezo wa mawimbi duniani, alipofariki Januari 1968, majivu yake yalipelekwa baharini mbele ya Waikiki kwa mitumbwi yenye matengo pembeni. Ngalawa zetu zina matengo hayo hayo, kwa hiyo mkimuomba mvuvi aongoze msafara kwa ngalawa, hamjaiga mbali sana.

Saa mbili kamili watu wa majini wafike kabla ya wageni. Mtu wa usalama aandike jina la kila anayeingia kwenye daftari, na jina la wa kumpigia simu. Asiyejua kuogelea hapewi ubao, awe rafiki wa damu au awe mheshimiwa. Hapa msilegeze kamba. Watu wenye majonzi hutaka kuonyesha upendo kwa kufanya wasichokiweza, na hakuna aibu kubwa kama kuleta msiba juu ya msiba. Wasioogelea wana kazi yao nchi kavu, nitaifikia.

Gaweni wanaoingia katika makundi ya watu wasiozidi kumi, kila kundi na kiongozi mwenye filimbi. Kila ubao uwe na kamba ya mguuni. Boti mbili: moja itangulie, nyingine ifunge nyuma, zote na jaketi za kuokolea, kamba na mtu anayejua huduma ya kwanza. Injini isipite ndani ya duara kamwe. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, ziwe zimehifadhiwa kwenye simu ya mtu aliyebaki nchi kavu, maana simu za majini zimefungwa kwenye mifuko.

Saa tatu dua au sala. Baada yake mtu mmoja, si watano, aeleze marehemu alikuwa nani. Mpeni dakika kumi na mumkalie karibu na kipaza sauti. Wanasiasa wakija, watambulishwe, wakae.

Saa tatu na nusu msafara uingie. Maua yawe ya kupukuchuliwa: asumini, waridi, mrehani. Hakuna waya, utepe, nailoni wala shada la plastiki la dukani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kasa hajui kutofautisha utepe na chakula. Wanaopiga mikono kwenye mbao huweka maua ndani ya fulana au wakayang'ata kwa meno. Inachekesha kidogo kuwaona watu wazima wameng'ata waridi huku wanapigwa na povu usoni, na kicheko hicho chepesi huwasaidia.

Nje ya mawimbi yanapovunjika, boti ya mbele isimame na duara liundwe kando yake, upande wa pwani, ili watu wa ufukweni waone. Kaeni juu ya mbao, shikaneni mikono. Ubao wa marehemu, kama familia imeutoa, uwe katikati na mtu wake wa karibu, kaka au mtoto aliye mkubwa wa kutosha. Mmoja ataje jina mara tatu na wote waitikie. Kisha maua, kisha maji: kila mtu anayapiga maji kwa viganja na kuyarusha juu huku anapiga kelele. Msiogope kelele. Aliyezoea ukimya wa kanisani au msikitini ataona ajabu, lakini ndivyo duara linavyofungwa.

Huku nyuma, waliobaki nchi kavu wajipange kwenye mstari wa maji, kila mmoja na ua lake, na waitikie jina linapotajwa. Mpangeni kijana mwenye kitambaa cha rangi kali aashirie, kwa sababu upepo hula sauti. Mkifanya hivi, bibi yake marehemu anakuwa mshiriki, si mtazamaji.

Dakika ishirini zinatosha. Wakirudi, daftari lisomwe upya, jina kwa jina, na hakuna anayekunywa chai mpaka idadi itimie. Halafu mihogo, ukwaju, kachumbari. Kuleni kwa wauzaji wa hapo hapo badala ya kuleta mpishi kutoka mbali.

Kitu cha kudumu

Kabla ya kumwita fundi, jueni sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60. Msimwage zege mchangani kwa kudhani mchanga hauna mwenyewe. Nendeni manispaa mkiwa na mchoro na muulize mambo mawili: je, kuna mradi wa kuboresha ufukwe ambao kitu chenu kinaweza kuingia ndani yake, na wasimamizi wa mazingira wa taifa, NEMC, wanataka nini. Njia rahisi mara nyingi ni kuongeza kitu kwenye kilichopo: nguzo iliyosimama tayari, ukuta, benchi, kivuli. Ombeni na barua ya manispaa inayosema nani mwenye kitu hicho baada ya kukabidhiwa.

Sasa, kitu gani? Sanamu ya Askari pale Posta imesimama tangu 1927, ni ya shaba, ilitengenezwa Uingereza, na ina maandishi ya lugha tatu. Ni kazi ya serikali yenye hazina. Kikundi cha marafiki kikijaribu hivyo kitaishia kwenye sanamu ya simenti isiyofanana na mtu. Na sanamu ina mitego: Duke alipowekewa yake Waikiki mwaka 1990, wateleza mawimbi walilalamika kwamba imeipa bahari mgongo, jambo ambalo mwenyewe asingelifanya kamwe. Hata benchi, basi, fikirieni linatazama wapi.

Mfano ninaoupenda uko hapa hapa Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga aliuawa kwa risasi mwaka 1972, na waliojifunza kwake wakaendelea kuchora mpaka mtindo wake ukawa na ushirika na jengo. Hakuna mnara unaoshinda huo. Hawaii nako, Eddie Aikau, mwokoaji wa Waimea aliyepotea baharini Machi 1978 alipoondoka na ubao wake kwenda kuwatafutia msaada wenzake wa chombo kilichopinduka, anakumbukwa kwa mashindano yanayofanyika pale tu mawimbi ya Waimea yanapofikia kimo kinachotakiwa. Miaka mingi hupita bila kufanyika, na watu wanaona sawa tu.

Kwa bichi zetu ningechagua kituo cha boya: nguzo, kasha lisilo na kufuli, boya la duara, kamba ya mita 30, na kibao. Kamba iwe ya polipropilini inayoelea. Ya nailoni huzama. Sambamba na hilo, mafunzo ya kuogelea kwa watoto wa mtaa kila mwaka katika wiki ya maji mafu, yakibeba jina lake.

Kuhusu malighafi, chumvi haisamehi. Kama kuna zege, mchanga uwe wa mto na maji yawe ya bomba. Mchanga wa pwani una chumvi inayokula nondo, na kuuchimba ni kosa pia. Nondo zifunikwe kwa zege ya milimita 50 au zaidi. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, si zile za kung'aa za duka la kawaida. Mbao iwe mninga, ipakwe mafuta.

Kibao cha shaba au alumini msiweke. Kitang'olewa kiuzwe vyuma chakavu; nguzo nyingi za mjini zina matundu manne ya skrubu pale palipokuwa na jina la mtu. Chongesheni maandishi ndani ya granaiti kwa mafundi wa mawe ya makaburi, kisha bamba lizamishwe kwenye zege lenyewe ili kulitoa iwe ni kulivunja. Mchoro wa rangi unaweza kufanywa na wachoraji wa Tingatinga, kwenye ukuta ambao mwenye nao amekubali kwa maandishi.

Maneno yawe machache: jina kamili, jina la bichini kama familia imeridhia, miaka yake, halafu maagizo. "Ukiona mtu anazama, mrushie hili. Usiingie peke yako. Rudisha." Maagizo hayo yaandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina. Familia ikishangaa, waelezeni. Sijaona mama anayekataa mtoto wake aokoe watu.

Matunzo

Andikeni watu wawili wenye zamu, mmoja wao awe anayeshinda ufukweni kila siku, mfano mwuza mihogo au mkodisha mbao, na apewe posho ndogo kutoka fungu la kudumu. Kila mwezi: kagua kamba, boya, boliti. Jua la Dar huifanya polipropilini iwe kama nyasi kavu. Ikianza kutoa unga mkononi, badilisha siku hiyo hiyo. Boya likiibwa, na litaibwa, mweka hazina awe na jingine stoo na fedha ya la tatu. Kila mwaka, kabla ya wiki ya mafunzo, nguzo ipigwe rangi upya na mapato na matumizi yasomwe mbele ya familia na mwenyekiti wa mtaa, pale pale kwenye nguzo.